Muhuri wa Škrnik

Jumatatu, 12 Septemba 2022

Tumefika kibandani saa kumi alasiri, mvua ikitufuata kisogoni. Goti la kulia limevimba. Nimelipima kwa kamba ya kiatu: limezidi la kushoto kwa vidole viwili. Štefka, aliyekuwa muuguzi kwa miaka thelathini na nane, amelifunga kwa majani ya kabichi aliyoyaponda kwa chupa. Kesho huendi popote, Mwalimu, kasema. Sikubishana. Muuguzi mstaafu habishiwi.

Vinko, mwenzetu wa tatu, alicheka mpaka akakohoa. Kabichi kwenye supu, kabichi kwenye goti – leo Mbosnia ataiva!

Jerca, binti anayesimamia kibanda, alileta kitabu cha wapitao kabla hata hatujavua viatu. Jina, umetoka wapi, unakwenda wapi. Ndiyo desturi ya milima hii: ukipotea, watu wa uokoaji huanza na mstari wako. Mimi niliandika kila kitu kamili. Vinko aliandika "juu", basi. Jerca akamrudishia kalamu.

"Juu wapi, babu? Mbinguni?"

Juu ni kilele cha Škrnik. Miaka kumi na moja sasa sisi watatu tunaitembea njia hii, toka Maribor hadi baharini, wiki moja kila Septemba, mabegi mgongoni. Kila kilele kina muhuri wake ndani ya sanduku la chuma. Unafika, unajigongea mwenyewe kwenye kijitabu chako. Vijitabu vyao vimejaa. Changu kina nafasi moja nyeupe. Mwaka ule walipopanda Škrnik, mimi nilikuwa nimelazwa, moyo. Safari hii wamerudi kwa ajili yangu tu.

Wakati wa supu nilisema neno la kipuuzi. Nilisema goti hili halitanileta tena huku. Nizikeni na kijitabu chenye tundu. Tulicheka wote. Vinko ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Jumanne, 13 Septemba

Ukungu. Mvua. Saa sita mchana theluji nyevu kidogo, kisha mvua tena. Kutoka dirishani sikioni choo cha nje, na ni hatua ishirini.

Wageni ni sisi tu. Chumba kinanuka soksi. Karata, chai, karata. Nimesoma maandishi yote yaliyoko ukutani, pamoja na maelekezo ya kizimamoto. Goti linapiga kama moyo wa pili.

Vinko hajui kukaa. Tulifanya kazi pamoja kwenye tanuru la chuma kule Jesenice miaka kumi na minne – mimi mwalimu wa jiografia, niliyefika na begi moja na ramani ya darasani – na hata mapumziko alikuwa akiyapitisha amesimama. Leo amepasua kuni mpaka Jerca akatoka kumzuia: babu, niachie basi na mimi gogo moja! Tanuru lilimwachia yeye mgongo mbovu. Mimi liliniachia masikio haya. Watu huninong'oneza kwa kelele.

Alasiri akaja kuketi kando ya kitanda changu. Kuketi! Nikajua kuna jambo.

"Nipe kijitabu. Hewa ikitulia kidogo napanda, nagonga, narudi."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"We Mwalimu mgumu kuliko chuma! Muhuri ni wino tu."

Nikamwambia muhuri bila miguu ni uongo. Tena uongo wa upole, na huo ndio ninaouogopa kuliko mwingine wowote. Alijua ninachosema. Nilimsimulia mara moja tu, mwaka 1998, tukila mkate kando ya tanuru: ndugu yangu Nedžad, Mei 1992, vita vilipoanza kwetu, aliacha karatasi mezani kwamba amekwenda kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Hakutaka mama aingiwe na hofu. Kumbe alikwenda upande mwingine, msituni. Sisi tukamtafuta alikosema. Miaka miwili tuliuliza watu wa ng'ambo. Tulipojua ukweli, upande ule hakukuwa na wa kuuliza tena.

Vinko alinipiga bega. Haya, haya, yaishe. Akaenda kupasua kuni.

Jumatano, 14 Septemba

Saa moja asubuhi. Mvua imekatika, ukungu bado. Kitanda cha Vinko kitupu, blanketi limekunjwa pembe kwa pembe. Kwenye kitabu cha wapitao, mwandiko wake: ametoka saa kumi na mbili na robo, anakwenda bondeni, dawa ya goti la Mwalimu. Štefka amefoka. Dawa gani? Mimi hapa ni nini, pambo?

Saa nne. Simu zetu hazishiki mtandao, ya kibanda inashika. Jerca amepiga bondeni. Vinko hajafika. Ni mwendo wa saa mbili. Kwa mzee, tatu. Štefka anasema amekwama baa ya kwanza, anamsifia mhudumu nywele. Tulicheka kidogo.

Nilitaka kukitazama kijitabu changu. Hakimo mfukoni mwa begi. Vinko kakificha – mizaha yake.

Saa saba. Watu sita wa uokoaji wamepanda kutoka bondeni na mbwa. Wako nusu saa chini yetu. Hawajaona mtu, wala tundu la fimbo kwenye matope. Jerca ameacha utani.

Saa saba na nusu. Kijitabu! Hakukificha. Amekwenda nacho.

Nimeandika hivyo kisha nimekaa. Dakika nne kwa saa yangu. Nikilitamka litakuwa kweli, na litakuwa kwa ajili yangu. Baadaye nikachechemea hadi jikoni.

"Hakwenda bondeni," nikamwambia Jerca. "Yuko Škrnik."

"Umejua lini?"

"Kijitabu nilikikosa saa nne."

"Saa nne, Mwalimu?"

Alichukua simu akanipa mgongo.

Saa nane na robo. Waokoaji wamepita hapa bila kuvua kofia, wameelekea ukingoni, njia ya kileleni, kwenye nyaya za kushikia. Helikopta haiwezi kuruka katika ukungu huu. Nilivaa begi niwafuate. Nilifika ngazi ya tatu ya mlangoni, goti likakataa, nikaanguka kwa makalio kama mtoto. Štefka alininyanyua kwa kwapa. Unataka watafute wawili? Akanikalisha kwenye benchi la nje akanitia kamba ya kengele ya kibanda mkononi. Mapigo matatu, kila dakika, aliye ndani ya ukungu aifuate sauti. Basi hiyo ndiyo kazi yangu.

Hasira. Alijua habari za Nedžad! Alikula mkate akazisikia mpaka mwisho, na bado akaniandikia bondeni. Halafu hasira inageuka, kwa sababu karatasi ile mezani haikuandikwa kwa ubaya, wala huu mstari.

Nimemwomba Jerca kitabu cha wapitao. Mstari wa Vinko sikuufuta. Chini yake nimeandika, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Si kweli. Amekwenda Škrnik na kijitabu changu. Imeandikwa na Zijad Muratspahić, aliyechelewa kusema.

Saa kumi na dakika ishirini. Sauti ya waokoaji kwenye redio ya kibanda. Wamefika kileleni. Hayupo. Lakini ndani ya sanduku, kwenye kitabu cha kilele, kuna mistari miwili ya mwandiko mmoja: Vinko, na chini yake mimi, jina lote refu, halijakosewa hata herufi. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Safu ya mwisho, unakwenda wapi: Kibandani, kwa Mwalimu.

Kwa hiyo jina langu liko juu ya Škrnik. Mimi niko kwenye benchi.

Safari hii alisema kweli. Yuko kati ya kilele na mimi. Kushuka ni saa moja na nusu, na zimepita saba. Tena wao wamepanda ukingo huohuo wasikutane naye. Maana yake hayuko njiani. Štefka naye amepiga hesabu hiyo, naona usoni mwake. Hatuambiani.

Saa kumi na moja kasoro robo. Agizo jipya la redio: tupige kengele, kisha kimya dakika nzima, tusikilize. Filimbi sita ndani ya dakika moja ni mtu aliyekwama. Hilo linajulikana milima yote ya huku. Vinko ana filimbi kwenye mkanda wa begi, ya njano. Naandika wakati wa kimya, mikono ipate kazi.

Mapigo matatu. Kimya.

Mapigo matatu. Kimya. Jerca ameondoa hata birika jikoni, lisichemke.

Mapigo matatu. Štefka ameinua mkono. Nyamaza, Mwalimu, acha hiyo kalamu inakwaruza! Siachi. Amefumba macho, ameelekeza sikio kwenye ukungu. Amenyoosha kidole kimoja: filimbi ya kwanza. Mimi sisikii kitu, masikio yangu yalibaki Jesenice. Namtazama mkono tu. Cha pili. Cha tatu. Ametulia kwenye cha tatu. Naiweka kalamu chini, asije akaikosa ya nne.