Askari Aliyezikwa kwa Jina la Baba Yake

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Barua yako imefika. Mama yako amemaliza kuvuna pamba, mgongo tu unamsumbua. Unauliza, kwa ajili ya utafiti wenu wa chuoni, kama namjua askari yeyote aliyezikwa ng'ambo. Ninamjua, maana nasi tulimtafuta.

Nilikuwa darasa la saba hapa Mwakitolyo, miaka ya sabini. Mwalimu alituambia kuna kaburi huko Burma lenye jina la Lugata, askari wa kijiji chetu aliyekufa katika Vita vya Pili vya Dunia, akatutuma tuwaulize wazee. Wazee wakacheka. Lugata alifia hapahapa, akiwa mzee, kati ya ng'ombe zake.

Binti yake, Bi Nyanzala, ndiye aliyetufumbua macho. "Kwetu kijana akiulizwa na mkubwa yeye ni nani, hujibu ng'wana Lugata, mtoto wa Lugata. Kaka yangu alijibu kwa adabu, waandikishaji wa jeshi wakaandika jina la baba. Yeye ni Masanja."

Jumatatu tulimleta Bi Nyanzala mstarini shuleni. Mwalimu akaita majina yetu, na mwisho akaita, "Masanja Lugata."

Bi Nyanzala akanyoosha mkono. "Yupo."

Hakuna aliyemsahihisha. Tulisimama wima, na hadi leo najivunia kuwa nilikuwa mstari mmoja na Masanja. Mwandike hivyo, majina yote mawili.

Ni mimi bibi yako, Ng'wana Shija.