Ufunguo wa kabati la glasi

Naisula, uko wapi?

Unajua hapa baa siku za mechi tunawapa watu bia kwenye vikombe vya plastiki, glasi bosi anazifungia kabatini. Leo mchana Mzee Oscar akagoma. "Kwani mimi mtoto wa chekechea?" Nikamwonea aibu, nikachukua ufunguo kaunta, nikamtolea glasi moja. Moja tu.

Timu yake ikafungwa goli, Simel wa meza ya jirani akamcheka. Mzee akaipasua ile glasi mezani, akamchoma nayo shingoni. Shingoni, Naisula. Damu imenirukia mpaka kwenye aproni.

Simel wamemkimbiza hospitali, bado anapumua.

Sasa bosi anatuuliza mmoja mmoja nani kafungua kabati. Ufunguo bado uko mfukoni kwangu.