Watu Watalala Wapi Siku ya Matanga Yangu

Mama Zawadi, dada yangu,

Nianze na hasira, salamu zitakuja nyuma. Uliniahidi tutazeeka pamoja. Ulisema pale saluni yetu ya Greyville, hapa Durban, umekaa unanichambulia nywele za kusukia: "Watoto wakienda zao, mimi na weye tutapanga nyumba moja. Weye utapika, mimi nitalalamika." Nikakubali. Sasa umeenda, na kupika kumebaki kwangu, na kulalamika pia kumebaki kwangu.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Olivier wangu amepata kazi Kanada. Anaondoka na mke wake Solange na watoto kabla ya Noeli. Walitaka kunibeba. Nikawaambia, magoti haya yanauma hata hapa Umbilo mvua ikinyesha, huko kwenye barafu yatafanya nini? Basi Olivier akaleta wazo lake. Ati wazungu wa Johannesburg wakizeeka wanashuka huku kutafuta joto, wanakaa kwenye vijiji vya wazee, iko geti, iko mlinzi, iko nesi. "Mama, weye joto unalo tayari. Tukutafutie tu kijiji cha bei nafuu." Alisema hivyo kama mtu ananitafutia gauni ya harusi ya jirani.

Eish, dada. Nimechoka na hivyo vijiji. Kwanza wanaita kijiji na hakuna hata kuku.

Tulianzia kule juu kwenye vilima. Majani yamekatwa sawasawa, bwawa la kuogelea, na ndani ya bwawa wamama wa umri wetu wanacheza muziki majini, kofia za plastiki kichwani. Ungecheka mpaka wakufukuze. Msichana wa ofisi akaeleza kwamba pale ni pa wazee wenye nguvu zao, wanaopenda kujishughulisha. Akaniuliza mimi napenda kufanya nini. Mimi, dada yangu, niliyesuka vichwa vya Durban hii nikiwa nimesimama mpaka miguu ikavimba. Nikajibu napenda kukaa. Olivier akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anapenda kutembea asubuhi. Halafu akaambiwa bei, na yeye ndiye aliyenitangulia kwenye gari.

Kijiji cha pili bei yake tungeiweza. Na nisikudanganye, nilipapenda. Nyumba ndogo, jiko lake safi, baraza linapata jua la asubuhi. Karatasi yangu ya ukimbizi waliigeuzageuza kidogo lakini wakaikubali. Olivier alikuwa ameshatoa kalamu. Mimi nikasimama sebuleni, nikaanza kuipima kwa macho. Godoro moja hapa, moja pale. La tatu haliingii.

Ni matanga yako niliyokuwa nayo kichwani. Unakumbuka flati yako ilivyo, mtu akipiga chafya jirani anasema pole. Lakini siku ile viti vilipangwa kwenye korido mpaka kwenye ngazi, kochi likashushwa uani, wamama wakalala chini wamebanana kama visamaki vya ndagala kwenye gunia. Yule jirani wa juu uliyegombana naye juu ya muziki alileta sambusa, akakaa, akalia kuliko sisi. Hukulala peke yako hata usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Nilihakikisha.

Basi nikamuuliza mama wa ofisi, kwa Kiingereza changu kile cha saluni, kwamba mtu akifa hapa, watu wake wanalala wapi. Alikuwa mwema, simsemi vibaya. Akajibu kwamba familia inapewa ile sebule kubwa kwa masaa mawili, na chai, na biskuti. Baada ya saa mbili usiku wageni wote wanatoka, ni sheria, wazee wanahitaji kimya.

Masaa mawili, Mama Zawadi. Weye kwa masaa mawili hata shangazi zako walikuwa bado hawajavua viatu.

Nikasema hapana. Olivier akarudisha kalamu mfukoni. Ndani ya gari ndipo akapasuka. "Wenzako wanauliza maji, wanauliza umeme, wanauliza nesi. Weye unauliza kufa. Mimi nakutafutia pa kuishi, Mama."

Nikamwambia, "Na weye utakuwa Kanada. Ndiyo sababu nauliza."

Wiki nzima ananijibu ndiyo na hapana tu, na mimi naosha vyombo nikigombana nawe. Wawili tungepanga nyumba yoyote, tungegawana bei, na mmoja akianguka mwenzake angepiga simu. Sasa mimi nani atapiga simu yangu?

Cha tatu Solange alikisikia kwa mama wa kanisani. Iko Sydenham. Si kijiji, ni jengo la zamani, rangi inabanduka, bwawa hakuna, na lifti siku tuliyofika ilikuwa imelala. Lakini nyuma wamelima mboga, na iko kwaya, na kila asubuhi wanatembea kundi zima mpaka dukani na kurudi, wakigombana njia nzima. Aliyetutembeza ni mkaaji wa pale, mjane wa Kizulu wanamwita MaDlamini, mkubwa kwangu kidogo, anatembea kama ana deni na ardhi. Nikamuuliza lile swali langu. Olivier akaangalia dari.

MaDlamini hakushangaa. Akasema hapa kitanda kinatolewa, godoro linalazwa chini, aliyefiwa anakaa pale na wanawake wanamzunguka, na usiku wa kuamkia mazishi wanaimba mpaka kunakucha. Asiyetaka kelele anaweka pamba masikioni, siku yake nayo inakuja. Halafu akanigeukia: "Na sisi tukifiwa, weye utakuja kukaa nasi?"

Kote tulikopita hakuna aliyeniuliza hivyo. Waliniuliza napenda kufanya nini, na nitalipaje.

Lakini Olivier hakutaka. Lifti, kutu, rangi, watu wa kanisa watasema ameruka na ndege ameacha mama kwenye gofu. Nikakataa cha kwake, akakataa cha kwangu. Solange katikati akawa mtu wa kutupitishia chumvi mezani.

Alhamisi iliyopita MaDlamini akapiga simu. Mzee wa chumba cha chini amefariki, ndiye aliyekuwa anamwagilia mboga. Nikatoa sufuria yako kubwa, ile Zawadi wako aliyoniachia baada ya mazishi. Nikapika maharagi. Olivier alinikuta mlangoni nimeikumbatia na kitambaa, akanipokea.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa jirani."

"Mama, hujahamia."

"Ndiyo naanza."

Akasema atanisubiri kwenye gari. Nikaingia, nikakaa chini karibu na mke wa marehemu. Kizulu chake sikukipata chote, nikalia naye. Nilimlilia yule mzee kidogo, machozi mengine yalikuwa yako, samahani. Nilipoinua kichwa nikamuona Olivier wangu ameshika upande wa kochi, shati limetoka nje, babu mmoja anamfokea aanze na kona. Wakalitoa. Akarudi, akasimama katikati ya kile chumba, akakiangalia kutoka ukuta mpaka ukuta. Anapima magodoro. Namjua mwanangu.

Kwenye gari alisema neno moja tu: "Lifti lazima waitengeneze." Jumatatu akaenda kusaini.

Kwa hiyo nahamia, dada. Hasira yangu bado ninayo, usidhani imeisha. Baraza langu linatazama ukuta, na MaDlamini ameshaniambia ninatembea polepole. Nitakaa kila matanga ya jengo lile, na sufuria yako nitakwenda nayo, mpaka wanijue kwa hiyo sufuria. Hilo nakuahidi, nami ahadi zangu natimiza, si kama wengine.

Lala salama, mbishi wangu. Siku yangu ikifika watu watakuwa wengi mlangoni, ukija kunichukua usije ukanikosa. Tafuta mwenye maharagi.

Mimi wako,
Mama Olivier