Fundi Akisema Hapana

Kahama, 14 Februari 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, ila niligonga kidole gumba na ukucha umekuwa mweusi. Hakiumi tena. Mguu wa Mama unaendeleaje? Huku mvua inanyesha siku moja na kukata wiki nzima, mahindi ya watu yamesinyaa.

Nimeacha kazi kwa Stanslaus. Nakuandikia mapema kabla hujasikia kwa Deogratias, maana pale ofisi ya mabasi anapokea barua zetu pamoja na habari za watu wote.

Ilikuwa hivi. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe, karakana yetu inaishi kwa kazi za wachimbaji wadogo. Jumatatu iliyopita ikaletwa shafti ya winchi, ile inayoshusha watu shimoni na kuwapandisha. Nilipoifuta grisi nikaona ufa umezunguka karibu nusu ya shingo yake. Nikamwita Stanslaus aone.

Akasema, "Chomelea, kereza juu yake, paka rangi. Mwenyewe anaitaka kesho."

Nikamwambia hii haichomelewi, inatengenezwa mpya kwa chuma kigumu.

"Hosiana, hapa tajiri ni mimi."

Hakupaza sauti. Stanslaus hana kelele, wewe unamjua, alikuja kwenye msiba wa Babu. Nami sikupaza. Nilizima mashine, nikanawa mikono, nikaaga. Nje nilimkuta mwenye winchi anakunywa chai kwa mama ntilie, nikamrudisha ndani nikamwonyesha ufa kwa kidole. Akabeba shafti yake akaondoka nayo. Stanslaus ananiona mbaya mpaka leo.

Sasa natafuta tajiri mwingine. Nitajaribu Geita. Fundi wa kukereza vyuma hawezi kukosa pa kusimama kwenye nchi iliyojaa mashine mbovu.

Ni mimi binti yako,
Hosiana

*

Ushirombo, 27 Februari 2022

Mwanangu Hosiana,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, juzi alikwenda misa kwa miguu yake na kurudi. Mvua imeshika vizuri, karanga zimetambaa, na nyuki wamerudi kwenye mizinga miwili ya kule bondeni.

Kuhusu shafti ulifanya sawa. Kuhusu kuacha kazi kabla hujapata nyingine, hapo hatukubaliani. Mama yako aliniandikia kwenye kibao, "Mwambie arudi alime," kisha akacheka sana, maana anakujua wewe na jembe.

Sikiliza. Deogratias ana ndugu yake Geita mjini, anaitwa Paschal, yuko kwenye kampuni inayohudumia mitambo ya migodi. Wanatafuta mtu wa stoo anayejua vipuri. Utakaa kwenye kiti. Utakula chakula cha mchana cha kampuni. Mimi nilisimama mbele ya mashine ya kiwanda cha pamba mpaka masikio yakaondoka, na magoti yakafuata. Leo simu ni kitu cha kuangalia saa tu, na mwanangu mwenyewe hawezi kuongea nami ila kwa karatasi. Sitaki hayo yakukute.

Nenda kwa Paschal. Usijibu kwa haraka, fikiri kwanza.

Baba yako

*

Geita, 9 Mei 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nanyi hamjambo. Mpe Mama pole ya mguu.

Nilikwenda kwa Paschal kama ulivyosema, nikapata. Niko stoo. Nimepewa sare mbili na viatu vya ngozi. Kiti kina magurudumu. Mafundi wanakuja dirishani wanataja kipuri, mimi naleta, wanasaini. Chakula ni kizuri, Ijumaa kuna pilau.

Msiwe na wasiwasi juu yangu.

Binti yenu,
Hosiana

*

Ushirombo, 21 Agosti 2022

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Karanga tumevuna, mpunga wa jirani umeharibiwa na ndege.

Tangu Mei hujaandika. Deogratias anasema basi linafika kila siku na hakuna bahasha. Barua ile nimemsomea mama yako tena na tena, na jana akaniandikia kwenye kibao changu: "Hii imeandikwa na mtu wa ofisi. Hosiana yuko wapi?"

Nami nauliza hivyo hivyo. Unaumwa? Wamekukosea? Andika hata mistari miwili.

Baba

*

Katoro, 2 Oktoba 2022

Baba,

Shikamoo sana, na unisamehe ukimya. Sikuumwa na hakuna aliyenikosea. Watu wa pale walikuwa wema, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Mtu atalalamika nini akiwa na kiti na pilau?

Kila mchana nilikuwa nachukua sahani yangu nakwenda kula karibu na dirisha la karakana yao, nitazame wengine wakikereza. Nilimwomba meneja anihamishie huko. Akanijibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa, na dirishani nawafaa zaidi. Niliporudi kwenye kiti changu nikaona nitazeeka nikimpa mtu mwingine vipuri.

Mwezi wa nane akaja mama mmoja dirishani, mtu mzima, amejitanda khanga, anatafuta mkanda wa mashine ya kukereza ya zamani. Hatukuwa nao. Nikamuuliza mashine ni ya nani. Akasema ya marehemu mumewe, imefunikwa turubai Katoro. Anaitwa Mama Samia, anauza mbao na misumari. Jumapili baada ya misa nikapanda gari nikaenda kuiona.

Baba, ungeiona. Nzito, imetulia, kitanda chake kirefu cha chuma kimenyooka. Panya walikuwa wamezaa kwenye droo ya visu vya kukerezea, basi. Nikamuuliza Mama Samia kama anajua lolote kuhusu mashine.

"Najua wanaotaka kuinunua," akasema. "Nimewafukuza wote. Nataka ifanye kazi."

"Mimi naweza kuifanyisha kazi. Ila nina sharti. Nikikataa kazi kwa sababu ni ya hatari, usinilazimishe."

Akanitazama. "Utakuwa unakataa mara ngapi?"

"Sijui, Mama."

"Basi na tuanze, tutajua."

Nimeacha kazi ya Paschal, kwa barua na kwa heshima, na yeye nimemuaga vizuri. Mshahara hapa ni mdogo kuliko kule. Nasimama kutwa nzima. Masikio nayaziba, nimenunua vya kuzibia, kwa hiyo hilo usiniwazie.

Najua si hivi ulivyotaka. Naomba baraka zako.

Binti yako,
Hosiana

*

Katoro, 18 Desemba 2022

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Noeli inakaribia na sijapata jibu la barua yangu ya Oktoba. Deogratias ananiambia ilifika mkononi mwako, Baba, kwa hiyo kosa si la basi. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa. Hasira naweza kuingoja.

Nakuandikia lililotokea wiki hii, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia ambaye ataelewa.

Alikuja Abdulwahab, mwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, huku, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Kazi zake ndizo zilizotuwezesha kununua mkanda mpya na kupaka ukuta chokaa. Vijana wake wakashusha shafti ya winchi iliyokatika. Alitaka nikereze nyingine siku ile ile kutokana na nondo nene aliyoiokota kwenye vyuma chakavu. Nikaijaribu kwa tupa, ikalika kama sabuni. Nikamwambia hii ni laini, itapinda na watu wakiwa wananing'inia.

Akaniacha nimesimama, akaenda dukani kwa Mama Samia. Niliwasikia.

"Fundi wako amenikatalia. Au nipeleke kwingine, na kazi zangu nyingine zote nipeleke huko?"

Nilianza kufuta mashine ingawa ilikuwa safi. Nilikuwa naiaga. Nilijiambia, hata hivyo nimepata miezi mitatu mizuri.

Mama Samia akasema, "Peleka, mwanangu. Hapa fundi akisema hapana, ni hapana."

Abdulwahab akawasha gari. Mama Samia akaja karakana, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nikadhani sasa anafungua kinywa kunilaumu.

Akaniuliza, "Chuma kinachofaa kinapatikana wapi?"

Nikamwambia Mwanza. Akampigia simu Nassibu, mjomba wake, anayeleta mizigo toka huko, akanipa simu nimweleze mwenyewe ni chuma gani na unene gani. Kisha akampigia Abdulwahab kwamba Alhamisi chuma kitakuwa hapa, akitaka asubiri, asipotaka basi. Abdulwahab alisubiri. Ijumaa nilikereza shafti ile, na alipokuja kuichukua aliishika muda mrefu, akaniita "fundi".

Nimechoka mabega na nina furaha. Nilitaka ujue tu.

Ni mimi,
Hosiana

*

Ushirombo, 6 Januari 2023

Ng'wanone, mwanangu Hosiana,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Tu wazima wote. Mama yako anatembea mpaka sokoni.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nilitaka kuandika kwamba macho yalinisumbua, mama yako amenikataza.

Barua yako ya mwisho nimeisoma nikiwa peke yangu, halafu nikamsomea yeye, halafu nikaenda kumsomea Deogratias pale ofisini, abiria wakangoja. Nimefanya kazi chini ya matajiri wanne katika maisha yangu. Wawili walikuwa wema, mmoja alinizikia mama. Lakini kila nilipokataa kazi niliulizwa kwa nini, au niliulizwa mimi ni nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza chuma kinachofaa kinapatikana wapi.

Kaa hapo, mwanangu. Una baraka zangu zote, na za mama yako ulikuwa nazo tangu Oktoba.

Kwenye basi la Jumanne kuna madumu mawili ya asali. Lile dogo ni lako. Lile kubwa mpe tajiri wako, umwambie wabeja, na kama hajui Kisukuma mwambie ni mzee wa Ushirombo anashukuru.

Baba yako,
Leodgar