Kipande cha Jezi

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu tele zikufikie wewe na shemeji. Magoti yake yanasemaje? Sisi wazima, na binti yetu Sindano anazidi kutia fora. Mjini hapa hakuna fundi cherehani wa kumfikia. Sijisifu, waulize wateja.

Siku hizi naye anakusanya kadi za wachezaji wa mpira, ugonjwa uleule wa shemeji. Kanifundisha: kuna za kawaida, za kung'aa, zenye saini ya mchezaji, na mama wa zote, zenye kipande cha jezi aliyovaa uwanjani. Hiyo ya jezi anayo, ndiyo anayotaka kubadilishana na shemeji kwa ile yake yenye saini.

Ila kuna mchumba. Ni fundi saa, mpole kupita kiasi, na mpole wa namna hiyo mimi simwamini. Kila akija anaomba kadi ya jezi, anabandika lenzi jichoni, anaichungulia, kisha anairudisha mezani. Nikajisemea, huyu hakufuata binti, kafuata kadi. Siku moja atatuachia ya bandia atokomee na ya kweli. Nikawa naleta chai mwenyewe na kuketi katikati yao. Sindano akalalamika kwamba namwaibisha. Nikamjibu kwamba golikipa haombi radhi kwa kudaka mpira.

Juzi Sindano alipotoka kumpima mteja, niliinyakua kadi nikaipeleka dirishani, nione kama bado ni ileile. Kitambaa chekundu, mstari mweupe. Mdogo wangu! Kitambaa kile nimekifua miaka nenda miaka rudi: shati la marehemu baba yake, lile ulilolicheka siku ya harusi yako! Nikafungua sanduku. Shati limekatwa chini, likapindwa upya.

Mchumba akanikuta nalo mkononi. Akaninong'oneza kuwa alijua tangu siku ya kwanza kwamba kadi ni ya bandia, anangoja Sindano aseme mwenyewe. Nilimwongezea sukari kwenye chai, sikujua pa kuweka uso.

Basi mwambie shemeji asiitoe kadi yake. Aseme imeliwa na panya, aseme lolote. Huyu mtoto niachie mimi, atasema yote mbele ya mchumba wake.

Lakini ukija nitakuonyesha pindo la shati lile. Hata wewe, na macho yako yale, hutauona mshono.

Mbusu shemeji magoti.

Dada yako akupendaye,
Mama Sindano