Sifa ya Kuzaa Kimya

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimehamia Msambweni kwa mama mkwe, kusubiri kujifungua. Mama yangu mzazi ametangulia mbele ya haki, na Swabir, mume wangu, hajui hata kuchemsha maji. Yeye amebaki Ukunda na kazi yake. Hoteli imenipa likizo. Miaka sita risepsheni Diani — nimewapokea wageni waliolia machozi kwa sababu maji ya bwawa yalikuwa baridi.

Bi Mbeyu, mama mkwe, amenipokea vizuri. Chumba kimefagiliwa, kitanda kimesogezwa dirishani. Halafu wosia. Katika nyumba hii, anasema, wanawake hawapigi kelele wakizaa. Yeye amezaa saba, na majirani walijua kwa kumsikia mtoto, si kwa kumsikia yeye. Nikasema inshallah. Ningesema nini?

Mimi nikijigonga kidole cha mguu mlangoni, nalia mpaka mtaa wa pili.

Wifi yangu Twaiba, mdogo wake Swabir, ameolewa na Jaafar nyumba ya tatu kutoka hapa. Naye ana mimba, yuko nyuma yangu wiki tatu. Muda wote wa wosia alikuwa anamenya vitunguu bila neno. Anafanya mazoezi!

Jumatano, 6 Agosti
Kliniki. Nimeulizia sindano ya ganzi ya mgongoni, ile ambayo wageni wetu wa hoteli huisimulia. Mmoja aliniambia alizaa huku anasoma jarida. Sista Beryl, mtu wa bara, mcheshi, alicheka mpaka akashika meza. Hiyo ni ya wanaopasuliwa, akasema, na mwenye kuidunga ni mmoja kwa kituo kizima, na wiki hii yuko semina. Hapa tunatumia pumzi. Nikauliza pumzi za aina gani. Za kawaida.

Swabir kwa simu: usiogope, wanawake wote huzaa. Kweli. Na watu wote hufa, lakini sijasikia mtu akiambiwa hivyo ili atulie.

Naogopa. Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunisikia. Naogopa maumivu kuliko kitu chochote, na naogopa zaidi kuaibika mbele ya mama huyu.

Jumatano, 13 Agosti
Mgongo. Tangu alfajiri. Mama anasema bado. Nimekula muhogo. Nimetapika muhogo.

Hapana, si bado —

Jumamosi, 16 Agosti
Msichana. Kilo tatu na robo. Nywele nyingi, hasira nyingi. Alhamdulillahi.

Niandike ilivyokuwa, kabla sijaanza kuamini ninavyosimuliwa.

Jumatano ile tulifika kituoni kwa tuktuk, saa tano asubuhi. Mama mkwe huku amenishika, huku amebeba beseni na leso. Kila uchungu ulipokuja alinikaza mkono, nami nikauma pindo la leso. Sikutoa sauti. Sijui nguvu zile nilizitoa wapi. Haukuwa ushujaa, ilikuwa haya tu. Sista Beryl alikuwa na wazazi watatu ndani, wote wanapiga mayowe. Akanipima: njia imefunguka sentimita nne. Katembee, akasema. Saa nane nikamwendea, nikamwambia kwa adabu kabisa, kwa sauti ile ile ninayomwambia mgeni kwamba chumba chake hakijawa tayari, kuwa naona mtoto anakuja. Akanitazama usoni tu. Hakunipima.

"Mama, wewe bado. Wale wako karibu huwa wanapiga nduru. Enda utembee."

Mama mkwe akatabasamu. Alidhani tumesifiwa!

Basi nikatembea. Korido ina milango tisa. Maumivu — nitayaandikaje? Nilitamani kufa. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Nilikaa nikawaza nani atamlea mtoto, nikaona Twaiba ataweza, nikaridhika.

Mtoto alizaliwa kwenye benchi la korido, saa tisa kasorobo, baina ya mama mkwe na mtu aliyekuja kuulizia kadi ya chanjo. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Rangi yake haikuwa rangi ya mtu. Beryl alikuja mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani, akakifungua kitovu, akamsugua, akampuliza. Mtoto hakulia. Hakulia. Hakulia. Kisha akalia.

Beryl akanigeukia. "Mbona hukuita?" akaniuliza. "Mbona hukuita, mama?"

Nikashonwa nyuzi nne. Ganzi ya kushonea nayo ilikuwa imeisha. Baadaye nikaletewa Panadol mbili na maji kwenye kikombe. Nikashukuru. Kazi ya risepsheni haimtoki mtu.

Jumatatu, 18 Agosti
Wageni. Mama husimulia, mimi hunywa uji wa pilipili manga. Katika hadithi yake hakuna benchi wala kitovu. Kuna mimi, nimetulia, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani akarudi na mtoto. Jirani mmoja ameleta kuku. Kuku wa sifa! Nimemla.

Na niseme ukweli, sifa ni tamu. Miaka mitatu tangu niolewe, katika nyumba hii nimekuwa "yule wa hoteli". Leo nimesikia "mkwe wetu".

Jumatano, 27 Agosti
Siku ya kumi na tano ndani. Bado nyingi mpaka arobaini. Asubuhi nimekandwa kwa maji ya moto, na mama ana mikono ya kukanda unga wa harusi nzima. Nimepiga ukelele. Hiyo inaruhusiwa, kanieleza. Yale ni maji ya moto, si uzazi.

Mchana alikuja Twaiba. Mama alikuwa nje anaanika nepi. Twaiba akainama karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wifi, inauma vipi hasa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Mama akatokea mlangoni na beseni lake, akasimama hapo. Nikasema ni kama tumbo la mwezi, limezidi kidogo tu. Mama akaguna kwa kuridhika. Twaiba akashusha pumzi ndefu. Hofu ilimtoka usoni, nikaiona inatoka.

Nimemdanganya na ameondoka na furaha. Mimi ni mwongo mzuri kumbe. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 31 Agosti
Sijamwambia.

Jumamosi, 6 Septemba
Saa tisa mchana. Twaiba yuko hapa tangu adhuhuri, amelala kando ya mwanangu. Jaafar amekwenda Vanga, atarudi kesho. Twaiba anasema ni tumbo tu, limezidi kidogo. Maneno yangu, neno kwa neno. Sebuleni mama ana wageni wawili, anawasimulia nilivyozaa. Amefika mahali pa chumvi.

Nimeanza kuandika saa za uchungu wa Twaiba. Tisa na dakika tano. Tisa na kumi na mbili. Tisa na kumi na saba. Anauma pindo la leso. Jasho linamtiririka, sauti hakuna.

Nimemwambia twende kituoni sasa hivi, tuktuk ziko barabarani. Hataki. Labda mimi mwoga tu, anasema. Wewe ilikuuma kidogo, mimi naona hii imeshapita kiasi na wala haijawa uchungu wenyewe. Nikienda mapema watanicheka.

Tisa na ishirini na moja. Nimefunga mlango. Nimemwambia yote kwa kunong'ona: leso, milango tisa, benchi, kitovu, rangi ya mtoto. Nimemwambia nilitamani kufa. Nimemwambia huu wake ndio uchungu wenyewe, ainuke.

Hajainuka. Macho yamemjaa, na si kwa maumivu.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

Tisa na ishirini na nne, mwingine. Amenishika mkono unaoandika. Mama anatuita kutoka sebuleni, anauliza mbona tumenyamaza.