Yeremia wa Mwamba Mkari

Mwaka umetimia, Yeremia, tangu ututoke, na nyumba yetu ya Ilemela bado haijauzoea ukimya.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Buzuruga. Bawaba ya jirani ikivunjika, ulikwenda na mashine yako hata kabla hujaitwa. Chai uliinywa gitaa likiwa mapajani, ikapoa, kisha ukakilaumu kikombe.

Bendi mliianzisha watatu: wewe gitaa na sauti, Paulo besi, Mihayo ngoma. Jina lilikuwa Mwamba Mkali. Mchora mabango akaandika vile alivyokusikia ukitamka: Mwamba Mkari. Wenzako walitaka lifutwe. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini, ukasema, “Liacheni, ndiyo sisi hao.” Likabaki.

Mji haukuwa umezoea muziki wa roki. Kabla ya wimbo wa kwanza uliwaamkia wazee kwenye maiki, “Shikamooni!” Wakishaitikia marahaba, hawakuwa tena na la kulalamika. Ila kwenye ile harusi ya Buswelu, baba wa bibi harusi alisikia gitaa linavyokwaruza, akadhani spika inaungua, akachomoa waya. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Paulo hakucheka. Alisema mpunguze kelele, mpige nyimbo za harusi kama bendi nyingine. Mihayo akamwita msaliti. Tangu hapo hawakusalimiana, na Mwamba Mkari ikanyamaza.

Uliugua ukiwa na jambo hilo moyoni. Ulituambia, “Mimi nikienda, sawa. Lakini hao wawili msiwaache hivyo.” Walibeba jeneza lako bega kwa bega bila kutazamana. Tuliogopa, Yeremia. Mwaka mzima tulijiona tumekuangusha.

Jumamosi iliyopita, baada ya misa yako, mama yako alituzidi ujanja sote. Alimwambia Paulo aje kumtengenezea redio, akamwambia Mihayo aje kuondoa ngoma zake stoo. Wakakutana sebuleni. Paulo aligeuka kutaka kuondoka.

“Kaa basi, kaka,” Mihayo akasema. “Umekuja kwa mama, hukuja kwangu.”

Paulo akakaa. Walianza kwa kulaumiana, wakaishia kulia wote wawili, watu wazima na ndevu zao. Sisi tukashusha pumzi ambayo tulikuwa tumeibana tangu tulipokuzika.

Ngoma zikatolewa stoo. Paulo alipochomeka besi, aliipunguza sauti kwa heshima ya mama, maana anajua jinsi mama alivyokuwa akigonga ukuta kulalamikia kelele miaka yote mkifanya mazoezi. Mama akamshika mkono.

“Ongeza, baba,” alimwambia. “Mwanangu yuko mbali kidogo.”

Unakumbukwa na mama yako Odeta, mkeo Winnie, binti yako Selina, pamoja na Paulo na Mihayo, ambao sasa ni watoto wa nyumba hii. Hatutakusahau kamwe, Yeremia wetu.